Jina la Mwenye Santuri

Sitasema alizaliwa wapi, kwa sababu mimi mwenyewe aliniambia sehemu tatu. Kwanza ilikuwa Tanga, akataja mpaka harufu ya katani ikianikwa. Baadaye ikawa Mombasa. Halafu siku moja, tumekaa dukani kwake tunamenya machungwa, akasema "kule kwetu Kisumu" kwa sauti ya mtu aliyeondoka huko jana. Mama alimpa chungwa jingine. Mimi niliweka kisu chini nikamtazama, naye akanitazama, akaendelea kula taratibu huku akitema mbegu kwenye kiganja.

Kazi yangu ni kukagua tiketi katika kituo cha treni cha Stratford, huku Uingereza, na kazi hiyo imenifanya niwe mtu wa kushuku hata nikiwa nyumbani. Nawajua wanaopita getini wakimganda mwenzao mgongoni, wanaojifanya wanaongea na simu, na wale wanaojiliza. Kwa hiyo mama yangu aliponiambia amempata fundi mmoja mzuri sana kule Kingsbury, sikuuliza anatengeneza nini. Niliuliza anataka nini.

Alikuwa fundi wa redio. Duka lake lilibanwa kati ya duka la sari na duka la mboga za Kihindi ambako mama alifuata mbaazi mbichi na majani ya uwatu. Mama alikuwa na redio ya zamani iliyokuwa ikikoroma badala ya kusema, akaipitisha pale siku moja akitoka sokoni. Nyuma ya kaunta gramafoni ilikuwa inapiga. Ilikuwa okestra ya dansi ya zamani kabisa, ya Wazungu, saksafoni na fidla na banjo zikienda pamoja kwa adabu. Katikati ya wimbo akaingia mwanamume, akaimba kidogo kwa sauti ya chini, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake kwenye foleni, kisha akanyamaza, na okestra ikaendelea hadi mwisho bila yeye.

"Umemsikia ameingia wapi?" fundi alimuuliza mama, kabla hata ya salamu.

"Alipovuta pumzi," mama akasema.

Fundi akazima chuma chake cha kulehemu, akasimama, akamtolea kiti. Hivyo ndivyo mama alivyonisimulia, na mimi nilisikiliza nikiwa nimeshika kiuno. Tangu siku hiyo redio ilichukua muda mrefu mno kutengenezeka. Kila Jumamosi mama alitoka Kilburn kwenda kuiangalia, na nilipokuwa sina zamu nilimfuata. Sisi nyumbani tulimwita Mwenye Santuri. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, aliuliza, "Is he Nana's boyfriend?" Nikamwambia afunge mdomo ale.

Mlango wa duka lake ulikuwa na kengele, lakini kengele haikumsaidia mtu. Ukibonyeza, alikuja mpaka nyuma ya pazia akasimama kimya. Ilibidi useme kitu. Ukisema hodi hakufungua, kwa sababu hodi, alidai, watu wote huisema namna moja. Alitaka maneno. Mimi nilizoea kumweleza hali ya hewa.

"Shikamoo mzee. Mvua inanyesha na mwavuli wangu umevunjika."

Ndipo komeo linavutwa. "Marahaba, Bibi Tiketi. Leo una mafua."

Na kweli nilikuwa na mafua. Lakini niambie, ni mfanyabiashara gani anayemsaili mteja kabla ya kumfungulia? Nilimuuliza swali hilo. Akasema wateja wabaya wana sauti nzuri sana, na kwamba mimi, kwa mfano, ningeweza kuingia popote kwa kuwa sauti yangu ni mbaya. Mama akacheka mpaka akapaliwa. Sikupenda namna alivyocheka, maana nilikuwa sijausikia mcheko ule tangu baba afariki.

Niseme kidogo habari za hizo sahani za santuri, kwa sababu bila hizo huwezi kumjua mtu huyu. Zamani zile, sahani za okestra za dansi zilitengenezwa ili watu wacheze, si ili wamsikilize mwimbaji. Jina lililoandikwa kwenye lebo lilikuwa la kiongozi wa okestra. Mwimbaji aliitwa studio, akangoja kwenye kiti, akainuka akaimba kiitikio mara moja, akaketi tena. Lebo ilisema tu kwamba ndani kuna sauti. Kampuni zilikuwa nyingi na mwimbaji alitaka kula, basi asubuhi aliimba kwa kampuni hii na jioni kwa ile, na iliyotaka kumtaja ikambandika jina la kubuni. Mtu mmoja alikuwa na majina mengi kuliko mashati.

Mwimbaji ambaye Mwenye Santuri alimpenda, baadaye alipata umaarufu mkubwa, na jina lake likaandikwa juu ya okestra. Hizo za umaarufu hakutaka hata kuziona. Alikusanya za mwanzo tu. Hilo jina kubwa alilijua, lakini dukani hakulitamka. Alimwita Kijana, ingawa alikufa kabla sijazaliwa. "Kijana ameamka vizuri leo," angesema akishusha sindano. Akiulizwa kwa nini hapendi nyimbo za baadaye, alijibu kwamba mtu akishaona jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa anaanza kujisikiliza, na sauti inaota kitambi.

Alikuwa na mtihani wake. Alikata karatasi ya kahawia kwa mduara, akatoboa tundu katikati, akafunika lebo. Kisha akaweka sindano na kukunja mikono. Ulitakiwa useme, ni Kijana au si Kijana. Waimbaji wa aina ile walikuwa wengi, wote wanaimba kwa kunong'ona, kwa kuwa maikrofoni ilikuwa imeingia karibuni na mtu hakuhitaji tena kupiga kelele ili asikike. Kwangu mimi wote walikuwa mtu mmoja mwenye usingizi. Mama hakukosea hata mara moja. Alisema Kijana huchelewa kidogo kuingia, kama mtu anayewapisha wakubwa mlangoni.

Mimi nilipatia mara moja tu. Niliona sahani ina pengo dogo ukingoni, nikakumbuka nimeiona Jumamosi iliyopita, nikasema kwa kujiamini, "Ni yeye."

Akainua sindano. "Umejibu kwa macho," akasema. "Na kazini kwenu mnafanya hivyo?"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mzee."

"Basi mnawakamata wasiojua kuvaa."

Alikuwa na ulimi huo. Mwenyewe alivaa koti na tai kila siku, hata joto likizidi, na viatu vilivyong'arishwa, mavazi ya mtu anayetoka kwenda dansi. Dansi lenyewe hakwenda. Kaunta aliisafisha kwa brashi ya kupakia rangi. Chai ya mtu mwingine hakunywa. Alikuja na chupa yake, chai ya iliki nzito, na ukimkaribisha kwako alikuja nayo pia, akaiweka mezani bila haya. Alichukia watu wenye kelele, lakini akishika simu alipiga ukelele mpaka wa duka la sari wakamgongea ukuta. Alisema hamwamini mtu yeyote. Ikifika saa ya swala aliondoka akaacha mlango wazi, sahani zote ndani, na hakuwahi kuibiwa. Nilimwambia hayo mawili hayapatani. Akasema yanapatana vizuri sana, ni mimi ndiye sipatani nayo.

Kuna siku alikuja bwana mmoja mwenye ndevu, Mwingereza, mkusanyaji kama yeye, ameikumbatia sahani ndani ya taulo. Alisema hii ndiyo ya kwanza kabisa, Kijana akiwa bado hajulikani. Mwenye Santuri aliitazama lebo, akaona jina la mwimbaji limechapwa hapo wazi, akairudisha. Alimweleza bwana yule kwa Kiingereza cha upole kwamba wakati huo hakuna ambaye angechapa jina la Kijana, kwa hiyo lebo inayojua sana namna hii ni ya baadaye, au imebandikwa. Bwana akawa mwekundu. Walibishana, mwishowe Mwenye Santuri akasema ataichukua hivyo hivyo kwa ajili ya okestra, kwa bei ya kutupa.

Jumamosi iliyofuata nilisimama nje nikasikia wimbo mmoja ukipigwa, ukirudiwa, ukirudiwa. Niliposema maneno yangu ya hali ya hewa ukazimwa kabla ya komeo kuvutwa. Nikaona taulo la yule bwana juu ya kiti.

"Ilikuwa ya kweli," nikamwambia. "Ile sahani. Umemdanganya mwenyewe."

"Ilikuwa na okestra nzuri," akasema, na zaidi ya hapo sikumpata. Mpaka leo sijui nani alimdanganya nani. Nilimwambia mama. Mama akasema mimi hata malaika akija nitamwomba kitambulisho.

Mama alikuwa ananificha jambo, na nililigundua kwa miguu yake. Siku hiyo nilifika mapema, mlango uko wazi. Gramafoni inapiga. Mwenye Santuri yuko upande wake wa kaunta, mama yuko upande wake, kaunta yenyewe iko katikati na redio zimepangwa juu yake, na wote wawili wanacheza. Kila mmoja ameinua mikono kana kwamba amemshika mwenzake. Mama alikuwa akimhesabia hatua kwa kichwa. Yule mzee hakujua kucheza kabisa, alijikwaa peke yake, tai ikamfika begani. Hawakugusana hata kidole. Nilisimama mlangoni na kikapu changu, na nikashikwa na hofu kubwa kuliko ambayo ningeshikwa nayo kama ningewakuta wamekumbatiana.

Hapo ndipo nikaanza kumchunguza kweli. Kibao cha dukani kilikuwa na jina moja. Akasema ni la mwenye duka wa zamani, yeye aliona hasara kulifuta. Wazee wa msikitini walimwita jina la pili. Kisha siku moja niliona juu ya kaunta bahasha ya dawa, imetoka duka la dawa la jirani, na juu yake jina la tatu. Akaifunika kwa gazeti. Mleta vifurushi akija, hakusaini. Alimwita mama wa duka la sari asaini kwa niaba yake. Barua za council, za serikali ya mtaa, alizigeuza kifudifudi. Na jambo kubwa kuliko yote, kwa miaka yote aliyokaa huku hakuwahi kupanda ndege kurudi kwao. Mama alimwambia mara nyingi waende Tanga, akaone watu, akale samaki wa kweli. Kila mara alibadilisha mazungumzo, akamwonyesha sindano mpya.

Nilishapata jibu langu. Ana mke huko. Ana mke, ana watoto waliokua bila yeye, na pengine wanamtafuta. Binti yangu akasema, "Mum, just google him." Nikamtafuta kwa majina yote matatu. Kwa la kwanza nikapata mtu aliyekufa, kwa la pili mchezaji wa kriketi, kwa la tatu sikupata kitu.

Mama alikuja chumbani kwangu siku moja baada ya swala ya alasiri, akakaa kitandani bila kuvua mtandio.

"Ameniposa," akasema.

"Nani?"

"Unamjua."

"Nauliza nani, mama. Jina lake."

Akavuta ncha ya mtandio. "Mimi nimeitwa Mama Rukia tangu uzaliwe," akasema. "Mtaa mzima, kliniki, hata baba yako. Hakuna aliyenikamata. Jina langu waliliita wazazi wangu tu, na wamekufa."

"Hilo si jambo moja."

"Najua si moja. Lakini mtu yule akinyamaza, nasikia kwamba amenyamaza. Wewe ukinyamaza sisikii kitu, Rukia, maana huko ndani unaendelea kuhoji."

Nilikasirika, na nilikuwa na haki. Alikuwa mjane mwenye nyumba moja ya kupanga na moyo mmoja, na vyote viwili alitaka kumkabidhi mwanamume mwenye majina matatu. Lakini mama alikuwa mtu mzima kunizidi, na mjomba wangu aliyeko Tanga, ambaye ndiye walii wake wa kumwozesha, alisema kwenye simu kwamba dada yake ameishi peke yake vya kutosha. Nilijipa moyo kwa jambo moja. Kwenye ndoa sheikh huuliza. Huuliza jina la mwanamume na jina la baba yake, mbele ya mashahidi, na hapo hapana pazia la kujificha nyuma yake.

Ndoa ilikuwa nyumbani kwetu Kilburn, siku ya Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini. Wanawake tulikuwa chumbani pamoja na mama. Alikuwa amepaka hina, mikono ameiweka magotini kama si yake. Wanaume walikaa sebuleni kwenye zulia. Sheikh, mashahidi wawili, mjomba kwenye simu iliyowekwa spika, na Mwenye Santuri na tai yake. Nilisimama kwenye upenyo wa mlango. Wengine walidhani nalia.

Sheikh akafungua kitabu chake. "Haya bwana, sisi tumezoea kukuita kama tunavyokuita. Sasa nipe jina lako kamili, na la mzee wako."

Mwenye Santuri akafungua mdomo. Nilimwona amevuta pumzi. Kisha hakikutoka kitu. Sheikh alingoja, akatabasamu, akauliza tena. Mjomba akasema kutoka kwenye simu, "Haloo? Imekatika?" Mwenye Santuri akawatazama mashahidi mmoja mmoja, akainua macho akaniona pale mlangoni. Akasimama.

"Nisameheni," akasema. Akaenda mlangoni akavaa viatu, akichukua muda mrefu kufunga kamba, na hakuna aliyemzuia.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kama ninavyofurahi getini mtu anapoanza kupapasa mifuko. Halafu nikageuka nikamwona mama. Hakuniuliza kimetokea nini, alikuwa amesikia. Alinitazama tu, na hakusema neno baya, si siku hiyo wala nyingine. Hina haitoki kwa maji. Ilifika wakati natamani kumkatia kucha ili iishe.

Duka lake lilifungwa. Wa duka la sari walisema alihamisha sahani zake kidogo kidogo kwa basi, akizipakata. Baadaye pakawa duka la simu. Mama aliendelea kwenda Kingsbury kununua mbaazi, ila alipita njia ya upande wa pili wa barabara, na redio yake iliyotengenezwa aliiweka juu ya kabati, haisemi wala haikoromi.

Miaka ikapita. Majuzi, mama akiwa ametoka kidogo, simu ya mezani ikalia. Alikuwa muuguzi wa hospitali. Alitaja jina la mwanamume na kuuliza kama hapo ndipo kwa jamaa yake wa karibu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia amekosea namba, ndipo nikaikumbuka ile bahasha ya dawa.

Sikumwachia mama ujumbe. Nilikwenda mwenyewe, nikiwa na sare ya kazi, na nia yangu ilikuwa moja, kumwambia aifute namba ile. Kitanda chake kilikuwa kimezungushiwa pazia. Nilimuuliza muuguzi kama naweza kuingia.

"Bibi Tiketi," akasema yeye kutoka ndani.

Alikuwa amekonda hata nikasita. Hana tai, hana koti, shingo imebaki uchi kama ya mtoto. Nilimwamkia, akaitikia.

"Mama yako?"

"Hajui kama niko hapa."

"Vizuri. Kaa."

"Sikuja kukaa, mzee. Nimekuja kwa ajili ya ile namba uliyowapa."

"Najua kilichokuleta. Kaa hivyo hivyo."

Nikakaa. Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini kwa sababu ya watu wa vitanda vya jirani, jambo ambalo nilikuwa nimelizunguka miaka yote bila kuliona.

"Tulikuwa wawili. Kaka yangu alikuwa na pasipoti ya Kiingereza. Mimi sikuwa nayo. Siku zile watu wetu walikuwa wanakimbilia huku kabla Waingereza hawajatufungia mlango. Akashikwa na homa, akafa, na tiketi yake ya ndege imeshakatwa. Tulifanana. Nyumbani wakanipa makaratasi yake wakaniambia nenda."

"Nyumbani wapi?"

Akatabasamu. "Hapo ndipo unapokuwa hodari." Lakini hakujibu. "Nimefanya kazi kwa jina lake. Nimelipa kodi kwa jina lake. Hata haya maradhi, kwenye file yao, ni yake. Sijawahi kurudi kwa sababu ningerudi kama nani? Wanaomjua wangelia, wanaonijua mimi wangeniuliza."

"Na siku ile, nyumbani kwetu?"

"Nilidhani nitaweza. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jina lake mbele ya kioo. Kisha sheikh akaniuliza, nikaona kama nitalitaja, mama yako ataolewa na marehemu. Serikali niliweza kuidanganya. Kumweka yule mwanamke ndani ya ndoa ya maiti, hilo lilinishinda."

"Si ungelitaja lako?"

"Mbele ya mashahidi na mjomba wako kwenye spika?" Akageuza kichwa akanitazama. "Na wewe umesimama mlangoni. Kesho yake ungekwenda wapi?"

Nilitaka kusema nisingekwenda popote. Sikusema, kwa sababu ningekwenda kumripoti.

"Ungemwambia mama peke yake," nikasema. "Faraghani."

"Angeninyamazia. Unamjua. Angebeba uongo wangu juu ya kichwa chake mpaka afe, na kila simu ikilia angeshtuka kama ninavyoshtuka mimi. Ni bora anione mwoga."

Muuguzi alikuja kupima presha, akalitamka lile jina la kwenye bahasha kwa upendo, naye akaitikia. Alipoondoka, Mwenye Santuri alivuta shuka hadi kifuani. Kisha akasema daktari amezungumza naye akiwa amevuta kiti, na madaktari wa hapa wakivuta kiti huwa wamekwishiwa na dawa.

"Nitazikwa kwa jina la mtu aliyekwisha zikwa," akasema. "Watamwombea yeye mara ya pili. Mimi hakuna atakayeniombea hata moja, maana hakuna anayejua nilikuwapo. Hicho ndicho kinachonikosesha usingizi. Mwambie mama yako jina langu. Yeye tu. Ndiyo maana nimewapa namba."

Akalitaja. Halikuwa lolote kati ya yale matatu. Lilikuwa jina la kawaida, jina la watu wengi, na alilisema vibaya kidogo, kama mtu anayevaa kiatu kilichokaa miaka kabatini. Akasema na la baba yake. Siliandiki hapa, kwa kuwa sikuambiwa niwape nyinyi.

Nilirudi Kilburn nimekaa kwenye treni nikilikagua jina lile. Lingeweza kuwa uongo wa nne. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, na kaburi la huyo kaka sikujua hata pa kuanzia kulitafuta, mji gani kati ya ile mitatu. Mtu aliyekwisha kumdanganya bwana wa ndevu juu ya sahani anaweza kunidanganya mimi juu ya maiti. Nilijiambia hivyo kituo hadi kituo. Lakini sikuona faida yoyote ambayo angeipata, na mimi mtu nisiyeiona faida yake huwa sijui nimfanye nini.

Mama alikuwa jikoni anakata bamia. Nilimwambia yote kuanzia simu, sikuruka kitu, hata lile la mimi kwamba ningekwenda. Aliacha kisu. Nilipofika kwenye jina alilirudia polepole, mara moja, akaitikia kwa kichwa kama limekaa sawa. Nilidhani atalia. Nililia mimi.

"Na mama yake aliitwa nani?" akauliza.

"Sikuuliza."

"Hukuuliza." Akafungua bomba akanawa mikono. "Unauliza watu wa treni mpaka wanakochukua mkate. Kaburini mtu anaitwa kwa jina la mama yake, Rukia, si la baba. Nitamwombea vipi? Umeniletea nusu."

"Nitakwenda kesho asubuhi nimuulize."

Alikuwa ameshatoka jikoni, na nilipomfuata nilimkuta anavaa buibui mbele ya kabati, anatafuta kiatu cha pili kwa mguu.

"Mama, visiting ya wagonjwa imekwisha saa hizi. Hawatakuruhusu."

"Hiyo ni ya wageni," akasema. "Mimi ameniandika kuwa ni mtu wake."

Nikazima jiko, nikachukua funguo, nikamfuata.